Kiyoyozi cha Vyumba Viwili

Boksi halikuwa zito kiasi cha kupumzishwa kila ghorofa, lakini Fredrick alitaka lipumzishwe.

"Wekeni chini kwanza," aliwaambia wabebaji walipofika ghorofa ya kwanza. "Pumueni."

"Bosi, hatujachoka," mmoja akasema.

"Pumueni, nimesema."

Wakapumua. Fredrick akakohoa kidogo, akagonga boksi kwa vidole kama mtu anayepima tikiti maji, na milango ikaanza kufunguka. Hicho ndicho alichokuwa akikingoja. Sikudhani, ambaye alifuga kuku kwenye kibaraza chake kinyume cha sheria zote za jengo, alitoa kichwa huku ameshika mwiko.

"Baba Witness, ni friji?"

"Friji!" Fredrick alicheka. Kicheko kile alikuwa nacho tayari tangu boksi lipakiwe Dodoma. "Hiki ni kiyoyozi, mama. AC ya ukutani. Inatoa baridi, inatoa na joto. Unachagua mwenyewe kwa rimoti."

"Joto nalo siku hizi linanunuliwa?"

"Mjini kila kitu kinanunuliwa."

"Haya bwana. Sisi wengine tutaendelea kukumbatia kuku."

Juu, ghorofa ya tatu, Editha alikuwa amesimama mlangoni akiyasikia yote. Alikuwa ameshasikia boksi likipumzishwa chini, akalisikia likipumzishwa tena katikati, na nyuma yake, kutoka chumba cha uani, alimsikia mama yake akikohoa. Kikohozi kile kilikuwa kikavu, kirefu, cha kumfanya mtu ashike ukuta. Laiti boksi lingekuwa na huruma lingepanda lenyewe.

Jengo lao liliandikwa Mwanga Apatimenti kwa herufi kubwa za bluu. Watu wa mtaa wa Utemini, kwa kuwa kila aliyenunua nyumba humo alikuwa akikatwa mshahara mpaka atakapozeeka, waliliita Makato. Maji hayakupanda juu ya ghorofa ya kwanza. Kengele za milangoni zilikuwepo ila hazikulia. Lakini ukisema unakaa Makato watu walikusogezea kiti, na Fredrick, afisa ugavi katika ofisi moja ya mjini, alikipenda kiti hicho kuliko mshahara wenyewe.

Mama yake Editha, Bi Lea, aliletwa kutoka Kiomboi baada ya kifua kumlaza hospitali. Daktari alisema maneno machache: moshi marufuku, baridi marufuku, na kliniki kila wiki mpaka mapafu yasafike. Moshi ulikuwa rahisi kuuzuia. Baridi ya Julai ya Singida ni habari nyingine. Upepo ule unatoka ziwani, unapanda, unaingia kwenye dirisha la alumini kama mwenye ufunguo.

Editha alikuwa ameomba hita ndogo, ile ya nyaya nyekundu, iwekwe chumbani kwa mama.

"Hita?" Fredrick alimjibu. "Hita ni ya kukuzia vifaranga. Mama yako ni kifaranga?"

Tangu arudi semina ya Dodoma, ambako alilazwa katika hoteli yenye rimoti, hakuwa mtu yule aliyeondoka.

*

Tatizo la Makato halikuwa baridi peke yake. Aliyechora lile jengo hakuwahi kuwa na mkwe.

Huko kwao, mama mkwe na mkwewe hawakutani kwenye kona. Mwanamume akimwona mama wa mkewe anakuja, hupinda kupitia nyuma ya zizi. Mama naye hujifunika uso, hutazama mtama. Heshima inataka uwanja. Sasa weka heshima hiyo ndani ya nyumba yenye ukumbi mwembamba mmoja na choo kimoja. Ikabidi watengeneze utaratibu: anayetaka kutoka chumbani akohoe kwanza, mwingine abaki ndani mpaka mlango ufungwe.

Utaratibu ulikuwa mzuri. Kasoro yake ni kwamba mmoja wao alikuwa mgonjwa wa kifua.

Bi Lea alikohoa asubuhi, Fredrick akabaki ameketi kitandani na taulo kiunoni, akingoja apite. Hakupita mtu. Alikohoa tena, Fredrick akaendelea kungoja. Kazini alifika amechelewa mara nyingi hata akaishiwa visingizio.

Njia ya kulegeza ilikuwepo. Katika ukoo wa kina Editha, mkwe akishatoa blanketi la mama, lile linalotajwa kwenye mahari, mama hufungua kinywa. Huweza kumsalimu, kumtuma, hata kumgombeza. Mbuzi walitoka, jembe likatoka, blanketi Fredrick alisema litafuata. Binti yao Witness alizaliwa, akakua, sasa yuko bweni kidato cha pili. Blanketi halijafuata.

Hakuna aliyelitaja. Bi Lea si mtu wa kudai.

*

Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa mzee Antipasi, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata akinunua vitunguu huuliza ni kwa mujibu wa nini. Alipanda na miwani yake, akamkuta fundi Joshua ameshatandaza mabomba sebuleni.

"Shikamoo mzee," Editha alisema, akampa kiti.

"Marahaba. Nani ametoa kibali?"

"Kibali cha nini, mzee? Hapa ni kwangu," Fredrick alisema.

"Ndani ni kwako. Ukuta wa nje ni mali ya wote. Kwa mujibu wa katiba ya jengo, hautobolewi bila mkutano mkuu."

"Mkutano mkuu ni lini?" Editha aliuliza.

Mzee Antipasi alifikiri kwa uaminifu. "Akidi ikitimia. Haijawahi kutimia."

Chumba cha Bi Lea hakikuwa na kibaraza, ila ukuta wa nje tu. Chumba cha Fredrick na mkewe ndicho kilichotokea kibarazani, na kibaraza, kwa mujibu wa ile katiba, kilikuwa cha mwenye nyumba. Bomba lingepitia upenyo wa mlango wake bila kumgusa mtu. Hivyo mashine ya nje ikae kibarazani, ya ndani ikae chumbani kwa Fredrick.

"Si mmeona?" Fredrick alisema, akijitahidi asitabasamu. "Sheria ndiyo imeamua."

"Na mama?" Editha aliuliza. "Daktari alimkataza baridi mama au wewe?"

"Mama naye atapata. Subiri." Akasimama, akaugonga ukuta uliotenganisha vyumba viwili. "Mzee, huu ni ukuta wa nani?"

"Wa ndani. Wako. Huo toboa upendavyo."

"Fundi, tukiweka tundu hapa juu, mashine ikatazamana nalo, joto si litapita upande wa pili?"

Joshua alitazama ukuta, akamtazama Fredrick. "Bosi, joto ni upepo. Upepo hauna ubishi. Litapita."

"Mashine moja, vyumba viwili!" Fredrick akapiga makofi. "Wazungu wenyewe hawajaifikiria hii."

Editha alitaka kusema jambo, lakini ulikuwa muda wa kumpeleka mama kliniki, na mama alikuwa ameshaanza kukohoa ili atoke.

*

Waliporudi walikuta vumbi jekundu juu ya kitanda cha Bi Lea, na juu ya kitanda, karibu na dari, tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi, na pembe zake.

Bi Lea alisimama akalitazama. Kupitia tundu aliona juu ya kabati la Fredrick, aliona sanduku, na pembeni, kwenye msumari, aliona nguo.

"Editha. Ile ni suruali ya nani?"

"Ya Baba Witness, mama."

Bi Lea akavuta kanga usoni. "Na mimi nitalala nikiitazama?"

"Mama, ni kwa ajili ya joto. Mashine iko kule, joto linapita hapa."

"Mwambie mwenye nyumba nimeshukuru kwa joto. Lakini mwambie mimi na yeye hatuwezi kupumua hewa moja."

Kule upande wa pili kitanda kililia. Fredrick alikuwa humo humo. "Editha, mwambie mama ni hewa safi, inachujwa."

"Amesikia, mama," Editha alisema.

"Hajasikia. Mimi sijasema naye. Nenda kamwambie."

Editha akatoka, akapita ukumbini, akaingia chumba cha pili, akamwambia mumewe maneno aliyokwisha kuyasikia. Mumewe akamjibu maneno ambayo mama yake alikwisha kuyasikia. Akarudi nayo. Alifanya safari hizo mpaka miguu ikauma, akibeba maneno yaliyokuwa yakimtangulia juu ya kichwa chake kupitia tundu.

Mwisho Bi Lea alisema, "Haya. Mgeni halalamiki." Akageuza uso ukutani.

*

Asubuhi yake Fredrick alitoka kibarazani na singlendi, jasho likimtiririka, akawasalimia majirani waliojikunyata kwenye majaketi.

"Baba Witness, unaumwa?" Sikudhani aliuliza kutoka chini.

"Joto, mama! Joto la kwangu! Nimepunguza lakini wapi."

Editha alikuwa amelala katika joto hilo kama chapati. Alipowasha taa ndipo alipoona kitu kimetokeza kwenye tundu, cheusi chenye mstari mwekundu, kama ulimi. Alikitambua. Alikimbia bila kukohoa.

Chumba cha mama kilikuwa baridi kama kisima. Bi Lea alikuwa ameketi kitandani amevaa nguo zote alizokuja nazo, sweta juu ya gauni, kanga juu ya sweta, kilemba kichwani, meno yakigongana. Ufagio ulikuwa umeegemea ukutani; kwa mpini wake alikuwa amelisokomeza blanketi lake ndani ya tundu, lote, mpaka hewa isipite, na sauti ipite kwa shida.

"Mama! Umetoa blanketi? Utakufa!"

"Nitakufa nimejisitiri." Akakohoa mpaka Editha akamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema taratibu, "Mwanangu, nilivumilia. Nilimsikia akikoroma. Nilimsikia akijikuna. Nikamsikia akimwomba Mungu cheo, akimtajia na jina la anayekishikilia. Hayo ni ya mke kuyasikia. Mimi niyasikie ili iweje?"

"Ungeniita."

"Nikuite kutoka kitandani kwa mumeo? Nipeleke stendi. Kuna gari la Kiomboi."

"Kiomboi utapikia kuni. Daktari amesema moshi utakumaliza."

"Moshi wangu haujawahi kunivunjia heshima."

Editha alikaa chini, sakafuni. Alijua mama yake akishasema stendi, ni stendi. Alijua pia ile nyumba ya Kiomboi, jiko ndani, dirisha la kupitisha ngumi. Akimpandisha gari leo, atakwenda kumfuata kwa gari jingine, la msibani, na hilo halitakuwa na kiti cha kurudi naye.

*

Fredrick alirudi mchana kula, akakuta kikapu cha Bi Lea kimefungwa kamba ukumbini, na pembeni yake begi la Editha.

"Hili nalo?" alimuuliza Editha chumbani kwao.

"Mama akienda naenda naye. Siwezi kumwachia moshi peke yake."

"Kwa sababu ya tundu?"

"Lizibe."

"Editha, Joshua ameshakwenda Manyoni kwenye kazi nyingine, na simu hapokei. Halafu Jumamosi ya wiki ijayo bosi anakuja kuona mashine. Mathayo mwenyewe! Nimeshamwambia ni ya vyumba viwili. Akute tofali bichi, nitasema nini?"

"Utasema mama mkwe wako alikuwa na baridi."

"Basi tubadilishane vyumba. Yeye aje huku, mimi..." Alisita, kwa maana chumba cha uani hakikuwa na kibaraza, na mtu wa kibaraza harudi uani kirahisi.

Kutoka upande wa pili, sauti ya Bi Lea ikaja nyembamba, imepitia kwenye sufu ya blanketi. "Editha, nilale kitanda cha mkwe? Watu wa Kiomboi wakisikia, nitazikwa na nani?"

Fredrick akakaa. Alikuwa na rimoti mfukoni mwa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu. Akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Mwambie mama," alisema kwa sauti ya kuchoka, "kosa langu ni lipi? Nimeleta mashine ambayo ofisi nzima hawana. Nimemkosea wapi tena?"

Editha hakuondoka alipokuwa. Kisha sauti ikaja tena.

"Mwambie mwenye nyumba hajanikosea. Mimi simdai kitu. Hata lile blanketi nimeshalisamehe. Nilikuwa na langu moja, limenitosha miaka yote hii, na jana limenisitiri. Nitaliomba tu wakati wa kuondoka, njiani kuna upepo."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeulizia kiatu chake alichokiacha mlangoni.

Fredrick akatazama juu. Ulimi mweusi wenye mstari mwekundu ulikuwa umetokeza juu yake tangu asubuhi na hakuwa ameuona. Editha alimwona akiuona. Alimwona akipiga hesabu ambayo haikuhitaji karani.

"Una mashine ya kupasha moto vyumba viwili," Editha alimwambia polepole, "na nyumba nzima haina blanketi la pili la mama."

Fredrick akainuka. Hakula.

Huko sokoni, kama alivyokuja kusimulia baadaye, muuzaji alimuuliza, "La mtoto au la mgonjwa?" Akajibu, la mkwe. Muuzaji akapaza sauti kwa meza za jirani: "Jamani, la mkwe!" Wanawake wakaacha vitunguu, wakaja kusaidia. Mmoja akalipima uzito kwa mkono, akalitupa. Mwingine akauliza mahari ni ya lini. Fredrick, mtu wa Makato, akasema ni ya muda kidogo. "Kidogo gani?" Akasema binti yuko kidato cha pili. Kicheko kilichofuata, alisema, bado anakisikia akiwa ofisini.

Alipanda ngazi na furushi begani, mbio, bila kusimama ghorofa ya kwanza wala ya pili. Sikudhani akatoa kichwa.

"Baba Witness! Mbona leo hupumziki?"

Akaongeza mwendo.

*

Sasa, blanketi la mkwe haliachwi mlangoni kama gazeti. Linapokewa. Na mwenye kulipokea na mwenye kulitoa hawawezi kutazamana kabla halijapokewa. Nyumbani wangekuwepo wajomba na mashangazi wa kulishika huku na huku. Makato alikuwepo Editha peke yake, amesimama ukumbini hajui aende upande gani.

Fredrick akaingia chumbani kwake, akavuta stuli. Akapanda. Akashika ulimi wa blanketi kuukuu, akausukuma taratibu mpaka likaangukia upande wa pili. Kisha akalisokomeza lile jipya, zito, la rangi ya kahawia, akilisukuma kwa mkono mpaka begani, shavu limebanwa ukutani. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Joto lilipita pamoja nalo.

Blanketi likakwama. Kisha likavutwa. Fredrick alihisi mikono ya upande wa pili, yenye nguvu kuliko alivyodhani, ikilivuta kidogokidogo hadi mwisho.

Editha alishika kizingiti.

"Asante, mwanangu," Bi Lea akasema. Hakusema mwambie. "Ni zito. Sasa shuka hapo juu, stuli zenu za mjini hazina miguu."

"Ndiyo, mama," Fredrick akasema, na sauti yake ikawa ya mvulana wa kijijini kwao Unyambwa anayechunga mbuzi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hiyo suruali iondoe msumarini."

Kikapu kilifunguliwa jioni hiyo hiyo. Kuhusu tundu, Bi Lea alitoa hukumu mwenyewe: blanketi la mkwe ni la kujifunika, lile kuukuu ni la kuziba. Likarudi ukutani, likasokomezwa kwa mpini wa ufagio. Kule Fredrick akaendelea kuungua na mashine yake. Huku mama akalala amefunikwa hadi pua, kanga zote chini, blanketi juu, na kikohozi kikaanza kupata nafasi kati yake na kingine. Wiki iliyofuata kliniki walisema mapafu yanasikika vizuri.

*

Mathayo alikuja Jumamosi ile aliyoahidi, na mzee Antipasi akajialika kama kamati. Editha alipika kuku aliyenunuliwa kwa Sikudhani. Kabla ya kula, Fredrick aliwapeleka wageni chumbani, akavuta pazia, akanyoosha rimoti. Mashine ikalia pii, ikafungua mdomo.

"Kumi na sita mpaka thelathini," alisema. "Unavyotaka wewe."

"Hatari," alisema Mathayo, akiunyoosha mkono kwenye upepo. "Na kile kitu juu pale?"

Wote wakatazama ulimi mweusi wenye mstari mwekundu.

Editha, mlangoni, aliinamia sinia la glasi.

"Ah, kile," Fredrick alisema. "Kile ni chujio. Joto likifika pale linachujwa kwanza, ndiyo linapita kwa mgonjwa. Nina mama mkwe, alikuja hapa hawezi hata kuongea. Kifua kibovu. Tangu nimefunga hii mashine, bosi, mashahidi hawa hapa, anaendelea vizuri. Madaktari wenyewe wanashangaa. Mimi nasema teknolojia..."

Chujio likatikisika.

Mzee Antipasi akarudi nyuma hatua moja. Chujio likavutwa kidogo, likasimama, likavutwa tena, mpaka likameza ncha yake na kutoweka. Tundu likabaki wazi, jeusi. Kutoka humo ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, isiyo na kikohozi.

"Baba Witness, usisahau kuwaambia wageni habari ya blanketi."

"Hii inaongea pia?" Mathayo akanong'ona.

Fredrick akabonyeza rimoti. Mashine ikalia pii, ikafunga mdomo, ikazimika.

"Na uwaambie lilitoka baada ya Witness kuingia kidato cha pili," sauti ikaendelea. "Karibuni, wageni. Kaleni, chakula kisipoe."